Barua ya wazi kwa marais wa C-10: hicho kiti cha Afrika kitakua cha nani?

Waheshimiwa marais kumi wa kamati ya Umoja wa Afrika (AU) inayoshughulikia mageuzi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa (UN), nikianza na Mheshimiwa Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone ambae ndio mratibu wenu, na hasa hasa nyie wawili wa huku kwetu, Mheshimiwa Rais wa Kenya na Mheshimiwa Rais wa Uganda.

Shikamooni wazee wetu.

Naandika kutoka Kigoma. Nauza spea za injini za boti karibu na ziwa, kwa hiyo mambo ya Congo siyasikii kwenye taarifa ya habari tu, yananifuata dukani, mtu anakuja kununua plagi anakwambia jana usiku tumevusha familia tatu. Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na waasi wa M23, kuna mama mmoja kutoka Bukavu alikua anauza vitenge kwenye kibaraza changu, asubuhi anavitandaza juu ya turubai jioni anavikunja, na redio yangu inawaka muda wote. Siku Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2773, tarehe 21, nchi zote 15 zimenyoosha mkono kwamba M23 waondoke kwenye miji waliyoiteka na jeshi la Rwanda litoke Congo, mimi nikafurahi nikaongeza sauti. Yule mama akaendelea kukunja kitenge, akaniuliza taratibu tu, "wote kumi na tano wamekubali, sasa nani anaenda kuwatoa?"

Sikua na jibu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani mpaka nikaanza kufuatilia hii inshu ya Baraza, nani anakaa pale, kwa nini yeye, na sisi Afrika tunaomba nini. Na kadri nilivyofuatilia ndio nikaona barua yangu inatakiwa ije kwenu nyie, isiende Washington wala Moscow wala Beijing. Wale nawajua watasema nini. Nyie ndio sijawaelewa.

Kwanza niseme kabisa kwamba niko upande wenu. Mwaka 1945 wakati UN inaanzishwa kulikua na nchi 51, za Afrika nne tu, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, sisi wengine wote tulikua mali ya mtu. Tanganyika imeingia Desemba 1961, Zanzibar Desemba 1963. Kwa hiyo wakati wanagawana vile viti vitano vya kudumu, ambavyo leo ni vya Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, hatukuwepo hata mlangoni. Leo UN ina nchi 193, Afrika tuko 54, watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne, karibu nusu ya migogoro ya nchi na maeneo inayojadiliwa pale ni ya kwetu, lakini tuna viti vitatu vya kupokezana miaka miwili miwili na cha kudumu hata kimoja hatuna. Mnapoita hiyo ni dhuluma ya kihistoria mnasema ukweli, na Septemba 2024 dunia nzima iliandika hivyo kwenye ule Mkataba wa Mustakabali, kwamba dhuluma dhidi ya Afrika irekebishwe kwa kipaumbele. Sina ugomvi hapo.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye miaka. Msimamo wenu wa Ezulwini, ule uliopewa jina la bonde la Eswatini, ni wa mwaka 2005. Viti viwili vya kudumu vyenye kura ya veto, yaani uwezo wa mmoja kuzuia azimio peke yake, kama wengine, na viti vitano vya kupokezana badala ya vitatu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule keshapiga kura. Kamati yenu yenyewe imeundwa mwaka huo huo. Nimesoma maazimio yenu ya mwaka baada ya mwaka na maneno ni yale yale, Afrika imeungana, Afrika ina sauti moja, Ezulwini na tamko la AU la Sirte. Lakini swali dogo ambalo hata mtoto angeuliza, hivyo viti viwili watakaa akina nani, halijibiwi. Kwenye ile karatasi mmeandika tu kwamba Umoja wa Afrika ndio utachagua wawakilishi. Lini? Kwa kura ngapi? Kwa vigezo vipi? Kimya.

Na sote tunajua kwa nini kimya. Kila mtu anaangalia Nigeria kwa wingi wa watu, Afrika Kusini kwa uchumi na jina, Misri kwa historia na kwa sababu inabeba na Uarabu, halafu kuna Algeria, kuna Ethiopia yenye makao makuu ya AU, Kenya nayo haijakaa kinyonge. Ukitaja wawili umewaudhi wanne. Kwa hiyo ule umoja wa sauti moja umesimama kwa sababu hakuna aliyethubutu kutaja jina, siku jina likitajwa ndio tutajua kama umoja upo.

Mtaniambia hata wenzetu wako hivyo hivyo. Kweli. India inataka, Pakistan haitaki kusikia. Ujerumani inataka, Italia inazuia. Brazil inataka, Argentina na Mexico wanakunja uso. Japan inataka, Korea Kusini inapinga na China ndio kabisa, mwaka 2005 watu waliandamana kwenye miji ya China kupinga Wajapani. Wale wanne wakaungana wakajiita G4, na majirani zao wakaungana kuwazuia, ndio kile kikundi walichokiita Klabu ya Kahawa, na miaka ile ya tisini Misri ilikua mmoja wa walioanzisha hiyo klabu, mwenzetu kabisa. Lakini angalieni tofauti. Brazil, India, Japan na Ujerumani wamesema majina yao hadharani, wakitukanwa wanatukanwa, wakikataliwa wanajua wamekataliwa wao. Sisi tunaomba kiti cha mtu ambae hatujui ni nani.

Turudi 2005 kidogo maana pale ndio panaponiuma. G4 walileta pendekezo lao, viti sita vipya vya kudumu, viwili vya Afrika, ila veto isitumike kwa miaka 15 halafu ndio ijadiliwe. Walihitaji theluthi mbili ya kura, 128 wakati ule, na Afrika tulikua na kura 53. Yaani bila sisi hawaendi popote. Julai mawaziri wakakutana London na dili ikaanza kuonekana, Rais Obasanjo wa Nigeria aliyekua mwenyekiti wa AU alikua anaona tukubaliane, halafu Agosti 4 kwenye kikao cha dharura Addis wakuu wa nchi wakakataa, veto au hakuna. Ikafa hapo. Sisemi ingepita mpaka mwisho, maana kubadilisha Mkataba wa UN kunahitaji na wale watano wote waridhie kwa mabunge yao, na China na Marekani kila mmoja alikua na lake. Ila nimepiga hesabu, ile miaka 15 ya kusubiri veto ingekua imeisha zamani. Tulikataa kusubiri miaka 15 na mpaka leo tumesubiri zaidi ya 20 tukiwa nje.

Septemba 2024 Marekani kupitia balozi wao Linda Thomas-Greenfield wakasema wanaunga mkono Afrika ipate viti viwili vya kudumu, ila bila veto. Watu wengi walikasirika, kwamba tunapewa kiti cha plastiki kwenye meza ya wenye sofa. Hasira naielewa. Rais Bio mwezi mmoja kabla, Agosti, aliongoza kikao pale pale Barazani akaeleza msimamo wetu vizuri, kwamba Afrika inapenda veto ifutwe kabisa, ila kama itabaki basi kila mjumbe mpya wa kudumu awe nayo. Ni hoja ya haki. Na Mheshimiwa Bio uchungu wa veto unaujua kuliko sisi, maana miezi mitatu baadae, Novemba 18, nchi yako na Uingereza mlileta azimio la kusimamisha vita Sudan, nchi 14 zikasema ndio, Urusi peke yake ikasema hapana, basi ikawa ndio mwisho. Kura 14 zimeshindwa na mkono mmoja. Na mji wa El Fasher kule Sudan ukaendelea kuzingirwa mpaka Oktoba 2025 ukaanguka, na yaliyotokea pale ndani tuliyaona kwenye simu zetu.

Kwa hiyo simwambii mtu veto ni kitu kidogo. Ninachosema ni kwamba nyie mmeifanya veto kua ndio maongezi yote, wakati kuna kitu kikubwa kuliko veto ambacho kiko mikononi mwetu na tumekipoteza sisi wenyewe. Naomba mnivumilie hapa maana ndio moyo wa barua yangu.

Machi 17 mwaka 2011. Libya. Azimio namba 1973, lile lililofungua mlango wa mabomu. Kupita linahitaji kura 9. Wajumbe watano hawakuunga mkono wala kupinga, Urusi, China, India, Brazil na Ujerumani, walikaa pembeni. Wamebaki kumi. Kwenye hao kumi watatu ni wa Afrika, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, na wote watatu wakasema ndio. Likapita kwa kura 10. Sasa toeni mbili tu pale. Mbili. Zinabaki 8 na azimio linakufa, hakuna veto iliyotumika, hakuna aliyegombana na mtu. Na wakati huo huo Umoja wa Afrika ulikua na mpango wake wa amani Libya na ulishaunda kamati ya marais watano, Uganda ikiwemo, Afrika Kusini ikiwemo, waende Tripoli kuongea. Siku chache baadae walipotaka kuruka kwenda Libya wakanyimwa ruhusa, kwa sababu anga limefungwa. Limefungwa na azimio ambalo limepita kwa kura zetu! Afrika Kusini ilikua kwenye kamati ya kupatanisha na wakati huo huo imepiga kura iliyoifungia kamati hiyo njia. Baadae viongozi walilalamika sana kwamba walidanganywa, kwamba azimio lilitumika vibaya. Inawezekana. Lakini Addis ilikua imesema nini kwa wale mabalozi watatu kabla ya kunyoosha mkono? Nani aliwauliza baada ya hapo? Na silaha zilizotoka Libya zimefika wapi, waulizeni watu wa Mali na Sahel yote.

Mimi kila nikikumbuka hiyo hesabu ya kura 10 nakosa amani. Maana inaniambia mtu akipewa kiti cha kudumu, tena na veto juu yake, halafu akawa hajibu kwa mtu yeyote Afrika, atakua anapiga kura ya mji wake mkuu na mikopo yake na wafadhili wake huku kwenye kibao kumeandikwa Afrika. Sasa hivi akikosea anatoka baada ya miaka miwili. Wa kudumu hatoki.

Na 1994 pia isisahaulike, Rwanda yenyewe ilikua na kiti pale Barazani, serikali ile ile iliyokua inaua watu wake ilikua na mjumbe mezani anasikiliza kila kitu, na Aprili 21 Baraza likapunguza kikosi cha UN mpaka watu 270. Mauaji yalikua yametimiza wiki mbili. Kuwepo kwenye kiti hakukumwokoa mtu hata mmoja.

Halafu tuna tatizo la kuheshimiana wenyewe. Juni 2020 AU ilishampitisha Kenya kugombea kiti cha 2021 hadi 2022. Djibouti ikakataa, ikasema zamu ni yake, ikaenda nayo mpaka New York mbele ya watu wote. Raundi ya kwanza Kenya 113, Djibouti 78, haijatosha, ikabidi kesho yake warudie ndio Kenya ikapata 129. Hiyo ni kwa kiti cha miaka miwili tu. Kwa kiti cha milele itakuaje kama hatuna utaratibu unaomfunga kila mtu?

Wazee wangu, mimi sio mtu wa kukata tamaa, kwa sababu najua tukiamua tunaweza. Kiti cha kudumu kimeshawahi kubadilisha mwenyewe kwa kura, mara moja, Oktoba 25 mwaka 1971, kile cha China kilipotolewa Taiwan kikapewa Beijing. Kura 76 kwa 35, na zaidi ya 20 kati ya hizo 76 zilikua za Afrika. Balozi wetu alikua Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29 kutoka Visiwani, na watu wa rika la baba yangu mpaka leo wanasimulia jinsi Waafrika walivyoshangilia mle ukumbini na Salim mbele yao. Miaka kumi baadae, 1981, Salim huyo huyo akagombea Ukatibu Mkuu wa UN, Marekani ikamzuia, China nayo ikamzuia Waldheim aliyekua Katibu Mkuu, zikaenda raundi 16 za kura bila mshindi mpaka mwisho wakaja kumpata Pérez de Cuéllar. Veto moja ilitunyima mtu wetu, lakini kura zetu pamoja zilishawahi kumwingiza China nzima. Vyote viwili ni kweli, na mnapoenda kwenye yale mazungumzo ya New York ya mageuzi ya Baraza, yale yaliyoanza 2009 na hayaishi, mbona mnakumbuka kile cha kwanza tu?

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kabla hamjaongea tena na mtu yeyote kuhusu veto, kaeni nyie wenyewe muandike utaratibu wa kumchagua atakaekaa, uwe wazi, tuusome kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya kazi ya AU kwa hiyo hamna kisingizio. Kiti kiwe cha Umoja wa Afrika, anaekikalia awe amekikopa. Baraza la Amani na Usalama la AU lipo Addis tangu 2004, lina wajumbe 15, hilo ndio litoe maelekezo kwenye mambo ya Afrika, na balozi akipiga kura kinyume arudi aeleze, na akirudia nchi yake ipoteze nafasi. Najua kisheria UN inatambua nchi, haitambui bara, lakini hayo ni makubaliano yetu ya ndani, hakuna anaetuzuia kuyasaini. Na nchi itakayokua kwenye mgogoro wenyewe, jeshi lake liko kwa jirani, isiongee kwa niaba yetu kwenye mgogoro huo. Wa huku Maziwa Makuu tunaelewa nazungumzia nini.

Kuhusu veto yenyewe, kama itabidi kusubiri miaka kumi au kumi na tano na tarehe imeandikwa, mimi naona tukubali. Najua kuna watakaoniita msaliti kwa hilo. Lakini mwenye kiti na kura tatu au tano zinazotembea pamoja ameshakua mtu wa kubembelezwa, ile hesabu ya Libya inatosha kuonyesha.

Na hamhitaji kusubiri Mkataba ubadilishwe ndio mjaribu. Mwaka huu 2026 viti vyetu vitatu wanakaa Somalia, Congo na Liberia. Nchi tatu ambazo zote zimeshapokea majeshi ya kulinda amani, ambazo zilijadiliwa kwenye ile meza miaka na miaka zikiwa hazipo. Congo yenyewe ina walinda amani wa UN tangu 1999, na vijana wetu wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku mmoja kule Semuliki Desemba 2017 wakiwa na kofia za bluu, mmoja mama yake anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu, picha yake ya gwanda ameitundika juu ya friji na hapendi mtu aiguse. Kama kuna watatu wanaoweza kukaa pamoja wakapiga kura moja kila inshu ya Afrika ikija, ni hawa. Waiteni Addis. Waambieni kuanzia sasa mnajibu kwa nani.

Yule mama wa Bukavu hayupo tena kibarazani, alipata ndugu zake kambini Nyarugusu akaenda. Turubai lake nimelikunja nimeweka chini ya kaunta. Akipita tena Kigoma atalikuta, na najua ataniuliza lile swali lake.

Naomba mnijibu kabla hajapita.

Wenu mtiifu,
Muuza spea, Kigoma Ujiji